Jinsi ya kununua vitu vya kale mnadani Marekani bila kupigwa, halafu ukaviuza

Wengi wakisikia mnada wanadhani kazi ni kunyoosha mkono kumzidi jirani. Wapi! Kazi yote inaisha kabla dalali hajashika nyundo, ukikaa kwenye kiti huna namba yako kichwani ujue umeshaliwa. Mimi nanunua zaidi Pennsylvania, nauza New England, yale majimbo ya kaskazini-mashariki, fanicha za zamani na mitungi, nakuelezea ninavyofanya mwenyewe.

Hatua ya 1: shika kitu kimoja kwanza

Usianze na fanicha kubwa za mahogani. Kweli mwaka 1989 nyumba ya mnada ya Christie's waliuza dawati la ukoo wa Brown, kazi ya mafundi wa Newport, kwa dola milioni 12.1, lakini zile za kawaida bei imeporomoka miaka hii ya 2000, vijana hawazitaki, na kuzibeba ni mgongo wako. Anza na mitungi ya kijivu yenye michoro ya bluu ya kobalti, ile watu walikuwa wanawekea achari na nyama ya chumvi kabla ya friji. Mingi ina mhuri wa kiwanda na mji, kwa mfano Norton wa Bennington, Vermont, kwa hiyo kusoma historia yake ni rahisi. Mchoro ndo bei: ua la kawaida ni kitu kingine, ndege ni kitu kingine, paa au simba ndo usiseme. Ugonge na kidole kama mama anavyogonga chungu sokoni, ukilia vizuri sawa, ukitoa sauti ya kufa kuna ufa hata kama huuoni.

Hatua ya 2: siku ya kuangalia mali, ingia na tochi

Hapa ndo pa kukaa sana jamani. Minada mingi inauza mali kama ilivyo, nyundo ikishagonga hakuna cha kurudisha. Kwenye kabati toa droo yote nje, igeuze. Tazama meno yanayounganisha pembe zake: ya mkono hayalingani, ya mashine yamepangana kama meno ya kitana. Tazama mgongo wa kabati, alama za msumeno zikiwa za kupinda kama upinde, huo ni msumeno wa duara, ambao ulienea baada ya miaka ya 1830 hivi, sasa kama wamekwambia kabati ni la 1780 muulize mgongo umetoka wapi. Mbao za ndani pia, Mmarekani alipenda paini au poplar sehemu zisizoonekana, Mwingereza mara nyingi mwaloni. Na skrubu ya nyota ni ya miaka ya 1930 kuja huku. Skrubu moja inaweza kuwa ya matengenezo tu, usikimbie, lakini zikiwa zote za nyota na hakuna tundu la zamani pembeni yake, ondoka.

Hili nimelilipia. Mnada mmoja mdogo vijijini nilichelewa, nikanunua kabati la droo kwa kulitazama kwa mbali, rangi yake ilinichanganya, kufika nyumbani kugeuza droo nakuta nyota tupu.

Ukiona mapambo ya Wahindi Wekundu yenye manyoya ya tai usiguse, ni marufuku kuyauza hata kama ni ya zamani namna gani, sheria ya kulinda tai ipo tangu 1940. Pembe za ndovu nazo zina sheria zake, na majimbo kama New York na California yamekaza zaidi.

Hatua ya 3: piga hesabu kwa kurudi nyuma

Sema mtungi unajua utauuza dola 600. Toa kodi ya meza ya kuuzia, mafuta, hoteli na faida yako, tuseme umebaki na 300 ya kununulia. Hiyo 300 siyo bei ya nyundo! Kuna ada ya mnunuzi, yaani asilimia ambayo mnada unakuongezea juu ya bei ya nyundo, ikiwa asilimia 25 basi mwisho wako ni 240. Bei zikipanda kwa 25, unasimama 225, na ukijumlisha ada inakuwa 281.25. Ukinunua kwa mtandao wanaweza kuongeza asilimia nyingine juu. Kodi ya mauzo Pennsylvania ni asilimia 6, ila ukiwa na cheti cha muuzaji, cha kuonyesha unanunua ili uuze tena, hulipi. Andika 225 kwenye mkono kwa kalamu, mimi naandika kweli, maana joto la mnada linasahaulisha.

Kaa nyuma uone wote. Usianzishe bei, acha waanze wao.

Hatua ya 4: chimbo la alfajiri

Soko la vitu vya kale la Brimfield, Massachusetts, liko tangu 1959, mara tatu kwa mwaka, mwezi wa tano, wa saba na wa tisa, pembeni ya Route 20. Kila uwanja una mwenyewe na saa yake ya kufungua kwa hiyo panga ratiba. Ni kama kufungua belo la mitumba Karume, Dar, wa kwanza ndo anaondoka na grade A, beba tochi, keshi na buti maana matope ni ya kwelikweli. Ukikosa, Adamstown, Pennsylvania, kuna soko la Renningers kila Jumapili.

Hatua ya 5: kuuza

Meza ya maonyesho ni ghali, anza kwa kukodi shelfu kwenye duka la wauzaji wengi au ugawane meza na mwenzio. Ukipeleka mnadani uliza komisheni, pesa ya picha, bima, na wanakutoza nini kisipouzika. Kwenye lebo andika mwaka, mji, na kila palipozibwa, halafu acha nafasi kidogo ya kushuka, wauzaji wenzio watakuomba asilimia 10 hata kabla ya salamu.

Lile kabati langu la nyota niliandika "karne ya 20, muundo wa kale", likaenda kwa hasara ya dola 90, mama mmoja akalichukua la chumba cha mtoto. Alinikuta Brimfield mwaka uliofuata, akanunua mtungi wa ndege.