Bodi ya mashine ya kutotolesha vifaranga: tengeneza mwenyewe hapa Arusha

Mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 kwa siku 21. Kidhibiti joto kikizingua usiku mmoja, trei nzima imekwenda. Bodi yake unaweza kuitengeneza nyumbani, ya upande mmoja wa shaba: themista (kihisi joto) ya kilo-omu 10, IC ya LM358 ya kulinganisha volti, transista ya BC547 na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya volti 12.

Hatua ya 1: Nunua vifaa kabla hujachora
Wengi huanza na kompyuta, kisha wanazunguka mjini wakitafuta kifaa kitakachoingia kwenye mchoro. Mimi nasisitiza kinyume chake. Ukikosa BC547 utapewa 2N2222 na kuambiwa ni ileile. Kazi hii inaiweza, ila miguu imepangwa tofauti. Ishike BC547 upande bapa ukikutazama, miguu chini: kushoto kolekta, katikati besi, kulia emita. 2N2222 nyingi za plastiki huanza na emita kushoto. Ukichora kwa moja ukapachika nyingine, rilei haitavuta vizuri, na utalaumu saketi isiyo na kosa. Hakikisha kwa mita.

Rilei chukua ya soketi, ile ya mafundi umeme, ikae nje ya bodi. Volti 230 za TANESCO ziishie hapo. Bodi ibebe volti 12 tu. Ndani ya mashine kuna unyevunyevu, na bodi ya nyumbani haina rangi ya kukinga shaba.

Hatua ya 2: Chora
Tumia KiCad, programu ya kuchorea bodi, ni ya bure. Njia za kawaida ziwe na upana wa milimita 1, za kulisha rilei milimita 2. Dayodi ya 1N4007 ikae sambamba na koili ya rilei, mstari wake ukielekea chanya. Koili inapozimwa hurusha volti kubwa, na bila dayodi hiyo transista inakufa.

Chapa mchoro kwa asilimia 100 kwenye karatasi ya kawaida, ubandike juu ya boksi, upenyeze miguu ya vifaa vyako. IC isipoingia, steshenari wameacha kompyuta ipunguze ukurasa. Rudia hapo hapo.

Hatua ya 3: Hamishia kwenye shaba
Sasa chapa tabaka la chini, yaani upande wa shaba, kwa printa ya leza kwenye karatasi ya jarida inayong'aa. Printa ya wino wa maji haifai, kwa sababu tunachokitaka ni ule unga wa plastiki unaoyeyuka kwa joto. Usigeuze picha, pasi itaigeuza yenyewe. Sugua shaba kwa msasa laini, futa kwa asetoni, usiiguse tena kwa vidole. Kandamiza pasi ya moto bila mvuke, loweka, bandua taratibu. Palipokatika jazia kwa maka peni.

Hatua ya 4: Dawa
Feriki kloraidi, dawa inayokula shaba isiyofunikwa, iwe kwenye beseni la plastiki. Sufuria ya alumini italiwa. Kwa baridi yetu ya Julai dawa inafanya kazi polepole, kwa hiyo beseni likae ndani ya jingine lenye maji ya moto, nawe ukilitikisa. Vaa glavu, fungua madirisha. Dawa iliyochoka imejaa shaba. Tafadhali usiimwage mtaroni, kuna watu wanamwagilia mboga huko chini.

Hatua ya 5: Toboa na ulehemu
Drili ya milimita 0.8 kwa rezista, 1 kwa dayodi na viunganishi. Anza na vifaa vifupi. Ncha ya moto iguse shaba na mguu kwa pamoja, lehemu uilete upande wa pili.

Hatua ya 6: Washa kwa tahadhari
Pitisha umeme wa volti 12 kwenye balbu ya indiketa ya pikipiki kabla haujafika kwenye bodi. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti: zima, tafuta lehemu iliyogusana. Ikikaa giza au ikififia, endelea kupima.

Wateja wakiongezeka, tuma faili za Gerber (michoro ya bodi inayosomwa na mashine) kiwandani. Kule matundu hupakwa shaba ndani na bodi hupata rangi ya kijani. Viwanda vingi vya China hukubali hata bodi 5, lakini piga hesabu ya usafiri na ushuru kwanza. Na kabla hujatuma, hakikisha faili la matundu limo.