Swali la udhu silijibu tena

Binti yangu alianza kuchelewa chooni mwaka ule yuko kidato cha pili. Nikadhani simu. Kumbe anatia udhu. Dakika 40, ndoo mbili, kisha anachungulia mlangoni: "Mama, umeniona kisugudi nimekikosha?" Nikimjibu "ndiyo, umekikosha", anatulia kiasi cha kuchota kata moja. Halafu anauliza tena.

Hapa Wete, Pemba, tunasema tu "ana wasiwasi", na wengi wanaishia kumsomea au kumnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Daktari alitueleza kuwa ni maradhi, wao wanayaita OCD, yenye pande mbili. Kuna fikra inayoingia bila kuitwa ikakataa kutoka, na kuna kitendo anachokirudia ili aitulize. Kitendo kinatuliza kidogo tu, na kwa sababu kimetuliza, kesho kinatakiwa tena na zaidi. Kilichonikata maini ni kusikia kuwa jibu langu nalo lilikuwa kitendo. Mie nilikuwa ndoo ya tatu.

Kama unaye mtu kama huyu nyumbani, anza na daftari. Wiki nzima usibadilishe kitu, andika tu kila mnachomfanyia kwa ajili ya wasiwasi wake. Letu lilijaa: mie kujibu, kaka yake kuvuta maji ya ziada, sote kupita mlango wa uani tusije tukakanyaga karibu na msala wake, shuka safi kufuliwa upya kwa sababu paka kapita. Baba yake hakuwamo humo, yeye alikuwa na lake: kelele. "Unatumalizia maji!" Nilipotazama tarehe, siku alizofokewa ndizo alizokosha zaidi. Kwa hiyo ukali haumtibu, na kumtii hakumtibu pia.

Kisha zungumzeni naye. Iwe baada ya chakula, ametulia, si pale amesimama na kata mkononi. Mwambieni mnataka kuacha nini na kuanzia lini, na achague yeye kidogo cha kuanzia. Binti yangu alichagua shuka. Swali la udhu lilisubiri mwezi wa pili, maana lilikuwa zito mno.

Ukifika hapo, uwe na sentensi moja ya kusema. Yangu: "Najua roho yako haijatulia. Hilo silijibu, na najua utaliweza." Basi. Kaa karibu kama anataka, ila usijadiliane. Hapo mie niliteleza vibaya. Sheikh alikuwa amemweleza vizuri kwamba yakini haiondoshwi na shaka, kwamba viungo havikoshwi zaidi ya mara tatu, na kwamba Mtume (s.a.w.) alitia udhu kwa mudi moja, maji yasiyofika lita. Maneno yale yalimfaa. Mie nikayafanya wimbo: kila akiuliza, namtajia mudi. Baada ya wiki akawa haulizi kisugudi, anauliza, "Mama, ile mudi ni sahihi?" Wasiwasi ulikuwa umebadilisha nguo tu. Hukumu ya dini aisikie mara moja kwa anayejua, kisha mjizuie kuirudia.

Siku za mwanzo atakuwa mbaya zaidi. Wangu alilia, akanambia simpendi, akakataa futari. Usirudi nyuma siku hiyo, kwani ukimjibu baada ya kuulizwa mara kumi umemfundisha kuuliza mara kumi. Ila akianza kusema hataki kuishi, hilo si la kungoja: muwe naye, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Haya yote hayachukui nafasi ya tiba. Sie tulivuka hadi Unguja, hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu. Jirani akilisikia jina hilo anadhani mtu kafungwa kamba. Binti yangu alikaa kwenye benchi, akaulizwa, akasikilizwa, tukarudi na boti. Tiba yenyewe ni kukiendea kile anachokiogopa hatua kwa hatua bila kukosha tena, na nyumbani ndiko mazoezi yanakofanyika. Alipewa pia dawa, fluoksetini. Dawa hiyo inaweza kuchukua mpaka wiki 12 ndipo muone nafuu kamili, kwa hiyo wiki ya tatu msiitupe, na akipata nafuu msimwachishe bila daktari.

Uliobaki ni mtihani wa bibi yake. Nyumba nzima ikijizuia na mtu mmoja akajibu, atahamia kwa huyo mmoja. Bibi anasema, "Neno moja tu, mtoto anateseka." Tukampa kazi: akiulizwa, asijibu, amwite wakae wasuke ukili mpaka ule wasiwasi upungue wenyewe. Anaita kweli. Lakini nimeshamkamata mara mbili akitikisa kichwa chini ya kanga, "ndiyo, umekosha", akidhani simuoni. Nalo nimeliandika kwenye daftari.