Jinsi ya kusoma picha za studio za zamani kabla hujaziskani

Mimi napiga picha studio, na siku hizi watu wengi wananiletea picha za bibi na babu niziskani, wanataka tu zing'ae, lakini zile picha zimebeba historia ya mji mzima kwa hiyo twende taratibu.

Hatua ya 1: geuza nyuma
Usikimbilie sura, tafuta mhuri wa studio kwanza. Majina ya barabara yanasaidia sana kujua miaka. Dar, Acacia Avenue ilikuja kuwa Independence Avenue baada ya uhuru wa 1961, na baadaye ndo ikawa Samora. Mombasa, Kilindini Road ndo Moi Avenue ya leo, na Moi kashika urais 1978. Ila angalia hapa: jina jipya linakuambia picha haikusafishwa (yaani haikuchapwa kwenye karatasi) kabla ya mwaka fulani, jina la zamani halithibitishi kitu, maana mwenye studio hatupi mhuri wake kisa barabara imebadilishwa jina. Na nega (ile filamu yenye picha) ya zamani inaweza kusafishwa tena miaka mingi baadaye, hivyo mhuri ni wa karatasi, sio wa siku waliyokaa mbele ya kamera.

Hatua ya 2: shika karatasi
Ikiwa na utelezi wa plastiki mara nyingi ni ya miaka ya 1970 kuendelea. Basi.

Hatua ya 3: soma nguo, vitu na pazia
Hapa ndo penye utamu. Ukiona redio, usiandike "babu alikuwa na redio". Vitu vingi vilikuwa vya studio. Mpiga picha Seydou Keïta kule Bamako, Mali, aliyefungua studio 1948, alikuwa na saa, kalamu, redio mpaka skuta za kuwapa wateja, yaani picha inakuonyesha mtu alitaka aonekane nani, na kwangu mimi hiyo ina thamani kuliko orodha ya mali zake. Huyohuyo alikuwa akibadilisha kitambaa cha nyuma kila baada ya miaka miwili mitatu, na kwa vile vitambaa ndo akaweza kukumbuka picha ni za lini. Fanya hivyohivyo: panga picha za studio moja pamoja, zenye pazia moja zinakaribiana miaka.

Nguo nazo zinasema. Bugaluu (suruali pana chini) na raizoni (viatu vya soli nene) zinakupeleka miaka ya 1970. Tanzania, Operesheni Vijana, kampeni ya vijana wa chama tawala TANU, ilipiga marufuku mini, wigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969, sasa ukikuta binti wa Dar kavaa mini studio na mhuri ni wa baada ya hapo, tulia na hiyo picha, ulizia alikuwa nani.

Hatua ya 4: skani
Mbele na nyuma, dpi (nukta kwa inchi) 600 kwenda juu, hifadhi TIFF (faili isiyopunguza ubora), usikate kingo. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue, iskani humohumo. Kuipaka rangi kwa programu fanyia kopi, orijino iache ilivyo.

Hatua ya 5: uliza kabla ya kuposti
Akina mama wengi wa pwani walivua buibui mle studio kwa sababu picha ilikuwa ya albamu ya nyumbani, ionwe na mume, dada na mashoga, yaani marafiki zake wa kike. Kama bibi yupo hai muulize yeye mwenyewe, na kama hayupo, waulize wanawe wa kike. Wakikataa, picha ibaki kwenye albamu.