Namna ya kuomba kampuni ilipe matibabu ya mfanyakazi wa zamani, hapa Lubumbashi

Mzee akiisha kuacha kazi, haki ya kutibiwa na kampuni haimfuati yenyewe. Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inamlazimu mwajiri kumtibu mfanyakazi na jamaa yake wakati mkataba unaendelea. Baada ya hapo, kinachosema ni karatasi za kutoka. Basi anzeni na dosie ya baba nyumbani, kabla ya kwenda biro yoyote.

Tafuteni cheti cha mwisho wa kazi, chenye tarehe zake, aina ya kazi na namba ya CNSS (kasha la serikali la bima ya wafanyakazi, zamani INSS), pamoja na barua ya kustaafu na mapatano kati ya kampuni na sendika (chama cha wafanyakazi). Someni yanayohusu matibabu bila kuruka mstari. Kuna waliostaafu na haki ya kutibiwa, na kuna walioondoka kwa kupewa pesa mara moja, kama maelfu walioiacha Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, kwa hiari mwaka 2003 na 2004.

Halafu daktari, na hapa msiharakishe. Vumbi la mawe mgodini huharibu mapafu polepole. Ugonjwa huo, silikosi, unaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Kikohozi chake kinafanana na cha kifua kikuu, tena mwenye silikosi hushikwa na kifua kikuu upesi. Ndiyo maana ripoti inaweza kuandikwa kifua kikuu tu, mgodi usitajwe kabisa. Mwelezeni daktari baba alifanya kazi wapi, chini ya ardhi au kiwandani, miaka mingapi, katika vumbi gani. Ombeni picha ya kifua na kipimo cha pumzi, na historia hiyo iandikwe kwenye ripoti. Ugonjwa uliotokana na kazi unapelekwa CNSS. Matibabu ya sukari au presha yaombwe kwa kampuni, kama karatasi za kutoka zinaruhusu.

Barua iandikwe kwa Kifaransa, iende kwa mkurugenzi wa wafanyakazi. Wekeni namba ya kazi ya baba na ombi moja lililo wazi: boni ya kutibiwa (karatasi ya kampuni ya kupeleka hospitali), au kurudishiwa pesa za faktire (bili) mlizolipa. Toeni fotokopi tu. Nakala ya pili ya barua ipigwe muhuri na tarehe ya kupokelewa; bila hiyo mtaambiwa hakuna kilichofika. Kama mzee hawezi kutembea, mtoto aende na hati ya uwakilishi iliyothibitishwa komini.

Akizidiwa usiku, mpelekeni hospitali kwanza, barua itafuata. Ila kila faktire iandikwe jina la mgonjwa, si la mtoto aliyelipa.

Kampuni ikikataa au ikinyamaza, nendeni kwa inspekta wa kazi. Mahakama ya kazi haipokei shauri la mtu mmoja ambalo halijapitia upatanisho kwake. Na tunzeni barua ya kukataliwa pamoja na tarehe yake: madai mengi ya mkataba wa kazi hufa baada ya miaka 3.