Kijiko au mizani? Kupima chakula cha nyumbani unapohesabu kalori

Chukua kijiko cha kupimia cha mililita 15. Kijaze mafuta ya alizeti: kimebeba gramu 14 hivi, karibu kalori 120. Kioshe, kikaushe, ukijaze asali ya Manyoni: sasa kina gramu 21 na kalori 64. Kioshe tena, kijaze unga wa ngano na ukifute juu kwa kisu: gramu 8, kalori 29 au 30. Kijiko ni kile kile. Kinachotofautiana ni uzito wa kilichomo, na kila chakula kina kalori zake kwa kila gramu.

Ndiyo maana majedwali ya vyakula, likiwamo la vyakula vya Tanzania la mwaka 2008, huandika kalori kwa gramu 100 za sehemu inayoliwa, si kwa vijiko. Kijiko kinapima nafasi. Kutoka nafasi kwenda gramu lazima ukisie, na wengi wanaolalamika kwamba wanahesabu lakini uzito haushuki wamepotelea hapo hapo.

Hata hivyo usipime kila kitu. Utachoka ndani ya wiki moja na kuacha. Pima kwa mizani vitu hivi: mafuta, karanga na siagi yake, sukari, unga na nafaka, nyama. Mchicha, chainizi, majani ya mlenda, nyanya na vitunguu vikadirie kwa jicho, kwa sababu gramu 100 za mchicha mbichi zina kalori 23 tu. Ukikosea kwa nusu nzima, umekosea kalori kumi na kidogo. Chumvi, majani ya chai na viungo usivipime kabisa.

Kijiko kinapokosea

Kosa la kwanza ni kurundika. Kijiko cha chai cha sukari kilichofutwa juu kina gramu 4. Kile kinachochotwa kwenye kopo na kwenda moja kwa moja kwenye kikombe huwa na gramu 7 au 8. Mtu anayekunywa chai vikombe vitatu kwa siku, vijiko viwili kila kikombe, ataandika gramu 24, yaani kalori 96, kumbe ametia gramu 45, kalori 180. Siagi ya karanga ni mbaya zaidi kwa sababu inanata na kusimama juu ya kijiko: kilichofutwa kina gramu 16, kalori 95 hivi, kilichorundikwa kinafika gramu 30 hadi 35, kalori 180 hadi 205. Aliyefuta na aliyerundika, wote wataandika "kijiko kimoja".

Kosa la pili ni kijiko chenyewe. Vijiko vya kulia vinavyouzwa soko la Majengo au Sabasaba, Dodoma, havikutengenezwa viwe kipimo. Kimoja kinaingia mililita 10, kingine 15 au zaidi, na vyote nyumbani vinaitwa kijiko cha chakula. Upawa ndio kabisa.

La tatu ni hewa. Unga ukimiminwa polepole kwenye kikombe cha mililita 250 huwa gramu 125 hivi. Zamisha kikombe hicho hicho kwenye mfuko na kuukandamiza unga, utapita gramu 150. Tofauti hiyo ya gramu 25 ni kalori 90, na hujaongeza hata kikombe.

Mizani ya kununua

Inayotosha ni mizani ya jikoni ya kidijitali inayobeba hadi kilo 5 na kusoma gramu moja moja. Mizani ya saa yenye sahani juu, kama ya dukani, mistari yake hupishana kwa gramu nyingi. Kwa kilo ya nyama inafaa, kwa kijiko cha mafuta haifai. Chagua inayotumia betri ndogo za rimoti, zinazopatikana duka lolote la mtaani, kuliko betri za kidonge ambazo zikiisha utahangaika. Hakikisha ina kitufe cha kurudisha sifuri; mara nyingi kimeandikwa TARE au T.

Ijaribu siku ya kwanza. Weka jagi tupu, bonyeza sifuri, mimina chupa ya maji ya lita moja ambayo haijafunguliwa. Ikisoma kati ya 990 na 1,010, iko sawa kwa kazi hii. Kisha weka kitu kimoja kidogo, kwa mfano kitunguu, mara tano: katikati, kushoto, kulia, mbele, nyuma. Ikipishana zaidi ya gramu 2, irudishe dukani.

Angalia pia kipimo kinachoonyeshwa kwenye kioo. Kitufe cha kubadilisha vipimo kikiguswa kwa bahati mbaya, mizani inahamia aunsi, au mililita. Mililita za mizani ni za maji tu. Kwa maziwa tofauti ni ndogo. Kwa mafuta utakosea kwa asilimia 8 hivi, kwa asali zaidi ya asilimia 30.

Mafuta: pima kwa kupunguza

Ukijifunza jambo moja tu kwenye mwongozo huu, liwe hili. Usimimine mafuta kwenye kijiko. Weka chupa nzima juu ya mizani, bonyeza sifuri, inua chupa, mimina kwenye sufuria, rudisha chupa. Mizani itaonyesha namba yenye alama ya kutoa, mfano -22. Umetia gramu 22. Zidisha kwa 9: kalori 198. Hakuna kijiko cha kuosha, wala tone lililobaki ukingoni. Siagi ya karanga, asali, na kopo la sukari vipime vivyo hivyo.

Mafuta ya alizeti ya kukamua yanayouzwa kwenye chupa zisizo na lebo hayakuzuii kuhesabu. Mafuta yoyote ya kupikia, ya kukamua mtaani au ya kiwandani, ni kalori 9 kwa gramu, ama karibu sana na hapo. Kwamba ya kukamua ni "mepesi" si kweli kwa upande wa kalori.

Kwa vitu vinavyozama kwenye mafuta, kama mihogo au maandazi, pima karai pamoja na mafuta kabla ya kuwasha moto, kisha pima tena yakishapoa. Kilichopungua kimeingia kwenye chakula, ukiacha matone yaliyoruka. Yagawe kwa idadi ya vipande.

Sufuria ya ugali

Ugali hauna namba moja, kwa sababu maji si yale yale kila siku. Njia ni kuhesabu sufuria nzima, kisha kugawa kwa uzito.

Pima sufuria tupu bila mfuniko na uandike uzito wake ukutani au kwenye simu. Utautumia miezi yote. Pima unga mkavu wote utakaotumia, ukiwamo wa kukorogea uji wa mwanzo, maana huo husahaulika. Sema ni gramu 500. Unga mkavu wa mahindi, mtama au uwele una kati ya kalori 350 na 380 kwa gramu 100. Tumia 360, hutapotea. Gramu 500 ni kalori 1,800. Songa kama kawaida. Ukiiva, pima sufuria na ugali, toa uzito wa sufuria. Umebaki na, tuseme, gramu 1,350. Gawa 1,800 kwa 1,350: kila gramu ina kalori 1.33. Ukijipakulia gramu 350, umekula 467.

Sasa ona ugali mgumu. Unga ule ule, maji machache, ugali ukatoka gramu 1,150. Kila gramu imekuwa 1.57, na gramu 350 zako zimefika kalori 548. Aliyeandika "ugali gramu 350" siku zote mbili bila kujali maji amekosea kwa kalori 81 kwenye mlo mmoja, ingawa alipima. Kupima kilichopikwa bila kujua kilichoingia ni nusu ya kazi. Ukoko unaobaki sufuriani ni mkavu na una kalori zake, lakini ni mdogo. Kama hamuuli, uache.

Wali ni hivyo hivyo, ila hatari yake ni kuchanganya namba za mbichi na za kilichoiva. Mchele mkavu una kalori 360 kwa gramu 100. Ukiiva unakuwa mzito karibu mara tatu na kushuka hadi 130 kwa gramu 100, kabla ya kuhesabu mafuta. Pima wali gramu 250 halafu soma mstari wa mchele mkavu, utajiandikia 900 badala ya 325. Maharage yana mtego huo huo: makavu 340 hivi, yaliyochemshwa 130.

Mlenda unafundisha vizuri kitu gani kinastahili mizani. Majani, nyanya na kitunguu vya sufuria nzima ni kama kalori 60. Ongeza gramu 100 za karanga zilizosagwa, sufuria inakuwa na 640. Ikitoka gramu 800, sehemu ya gramu 150 ni kalori 120. Bila karanga ingekuwa kumi na kidogo. Kwa hiyo pima karanga, na majani yatupie kwa kiganja.

Kama mnakula sinia moja, kata sehemu yako ya ugali, ipime juu ya sahani iliyorudishwa sifuri, halafu uirudishe upande wako wa sinia. Ni sekunde kumi, na hakuna haja ya kujitenga na wenzako. Mwambie mapema anayepika kwamba unahesabu cha kwako, husahihishi upishi wake.

Nyama ya mnadani

Mnada wa Msalato, Dodoma, na mabucha yote, huuza nyama kwa uzito wa mbichi, pamoja na mfupa. Ikichomwa inapoteza maji na mafuta, mara nyingi robo hadi theluthi ya uzito. Nyama ya mbuzi isiyo na mafuta mengi ina kalori 109 kwa gramu 100 ikiwa mbichi na 143 ikiwa imechomwa: chagua namba inayolingana na wakati ulipopima. Nyumbani, pima sahani ya nyama kabla ya kula, kisha pima mifupa baada ya kula. Gramu 360 ukitoa mifupa ya gramu 110 ni 250, sawa na kalori 358. Mnadani huna mizani, basi anza na uzito wa mbichi aliokupimia muuzaji na kadiria mifupa kuwa robo. Nyama ya ng'ombe yenye mafuta inaweza kufika mara mbili ya namba za mbuzi, kwa hiyo usitumie mstari mmoja kwa zote.

Zabibu nazo zitazame: mbichi ni kalori 69 kwa gramu 100, zilizokaushwa zinafika karibu 300. Kiganja ni kile kile.

Kipimo kinapoharibika

Sufuria ya moto ikiwekwa moja kwa moja huyumbisha namba na kuyeyusha plastiki. Tanguliza kibao cha kukatia, rudisha sifuri, ndipo uweke sufuria. Feni ikipuliza mizani, namba zitacheza. Kitambaa kinene chini yake nacho kinaifanya iegemee. Mizani nyingi hujizima baada ya dakika moja au mbili, na ikijizima sifuri ya chombo imepotea. Ndiyo faida ya kuwa umeandika uzito wa sufuria. Tena ukinyunyiza kitu kidogo kidogo sana, mizani hudhani ni mtikisiko na kubaki sifuri. Weka kwa mara moja, au tumia njia ya kupunguza.

Kwenye lebo, tazama kama namba ni kcal (kilokalori) au kJ (kilojuli). Namba ya kJ ni kubwa mara 4.2 hivi, igawe kwa 4.2. Kcal ndiyo "kalori" tunayoizungumza hapa.

Wajawazito, watoto, wanaotumia insulini, na aliyewahi kusumbuliwa na kujinyima au kula kupita kiasi, wazungumze kwanza na mtaalamu wa afya kabla ya kuanza kupima hivi.

Kama huna mizani

Azima siku moja ukipime kijiko chako. Tenga kijiko kimoja cha chakula na kimoja cha chai, viwe vya kazi hiyo tu, uvifungie uzi mwekundu mkiani. Pima vijiko 10 vya kila kitu, vilivyofutwa juu, ugawe kwa 10. Kupima kimoja peke yake kunabeba kosa la gramu nzima. Andika: mafuta gramu ngapi, sukari ngapi, unga wa karanga ngapi, siagi ngapi. Karatasi hiyo ibandike ndani ya kabati. Kijiko kikipotea, au ukibadilisha unga laini kwenda dona, pima upya.

Halafu kagua vijiko vyako kwa chupa. Lita moja ya mafuta ni gramu 920 hivi, kalori 8,280. Andika tarehe ya kuifungua. Ikiisha baada ya siku 10 kwa watu 4, kila mmoja ametumia wastani wa gramu 23 kwa siku, kalori 207. Kama daftari lako linasema gramu 12, rudi kwenye kijiko ukione kinavyojazwa. Fanya hivyo pia kwa kilo ya sukari.