Somo: Kukagua helmeti ya vita yenye mabaka kabla hujatoa pesa

Habari zenu wanachama. Msimu wa korosho ukiingia na pesa ikaanza kuzunguka Mtwara na Lindi, madalali wa vitu vya kale nao huamka. Bidhaa wanayoitembeza sana ni helmeti ya chuma ya Mjerumani yenye mabaka, na maneno ni yale yale: "Hii imeokotwa Mahiwa." Kazi yangu ni kunyoosha bodi na kupiga rangi magari. Inaniuma kuona mtu anatoa pesa ya mavuno kununua rangi iliyopulizwa juzi, ndiyo maana nimekaa kuandika somo hili.

Hatua ya 1: Anza na hadithi

Mapigano ya Mahiwa, huku Lindi, kati ya Wajerumani na Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, yalikuwa tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Amri ya jeshi la Ujerumani ya kupaka helmeti mabaka ilitolewa tarehe 7 Julai 1918. Kufikia siku hiyo von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, na watu wake walishavuka Ruvuma tangu Novemba 1917, wako Msumbiji, na mzigo kutoka kwao hauwafikii tena. Meli ya mwisho kuwaletea vifaa, Marie, ilitia nanga ghuba ya Sudi Machi 1916, wakati helmeti za chuma zenyewe ndiyo kwanza zinagawiwa kule Verdun, Ufaransa. Kwa hiyo helmeti ya mabaka "ya Mahiwa" haipo. Kitu chenyewe kinaweza kuwa halisi kilichotoka Ulaya, lakini bei ya hadithi usiilipe.

Helmeti ya Kiingereza ni habari nyingine. Hiyo ina njia nyingi za kufika huku: askari wa KAR (jeshi la Mwingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki) waliorudi kutoka Burma kwenye Vita vya Pili vya Dunia, au Waingereza waliotoka jeshini wakaja kwenye Mpango wa Karanga wa Nachingwea, yale mashamba makubwa ya serikali ya Uingereza, kuanzia 1947.

Hatua ya 2: Sumaku

Chukua sumaku ya spika mbovu. Helmeti ya Mjerumani inaishika. Ile ya Kiingereza ya vita vya pili, yenye umbo la sahani, ilitengenezwa kwa chuma cha manganizi, kwa hiyo ganda lake haliishiki. Sumaku iking'ang'ania ganda la Kiingereza, basi ama ni ya kuigiza, ama ni ile ya chuma laini waliyopewa walinzi wa raia, ambayo huwa na matundu pembeni.

Hatua ya 3: Muhuri

Kwa Mjerumani, tazama ndani ubavuni: herufi za kiwanda na namba ya saizi, mfano ET64 au Q66. Kwa Mwingereza, tazama chini ya ukingo, utakuta alama ya kiwanda na mwaka.

Hatua ya 4: Rangi

Hapa msiwe na haraka, maana ndipo wengi wanapoliwa. Helmeti isiyo na mabaka ina bei ndogo, ya mabaka ina bei kubwa. Kwa hiyo mjanja hununua ganda halisi, lenye muhuri halisi, akalipaka mwenyewe. Muhuri hautakuokoa.

Mabaka ya 1918 yalikuwa ya kijani, njano ya udongo na kahawia ya kutu, yenye pembe, yakitengwa kwa mstari mweusi wa upana wa kidole. Lakini mchoro mtu yeyote anaweza kuuiga. Asichoweza kuiga kirahisi ni mpangilio wa rangi na kutu. Toa simu, washa kamera, vuta karibu kwenye sehemu iliyoliwa. Kwenye helmeti ya kweli, kutu imetokea chini ikainua rangi. Kingo za rangi zimevunjika na kusimama kuzunguka kishimo. Kwenye ya uongo, rangi imeteremka hadi ndani ya kishimo na kukilaza kama plasta. Ukiona hivyo, chuma kilioza kwanza, kikapakwa baadaye.

Kisha tafuta mikwaruzo. Matumizi huchubua ukingo, utosi na vichwa vya ribiti, na mikwaruzo yake huenda kila upande. Msasa huacha mistari sambamba, tena mara nyingi katikati ya ganda, mahali ambapo hapagusani na kitu. Rangi ya kutu yenyewe msiitegemee: kwa hewa yetu ya chumvi, chuma kipya kinakuwa chekundu ndani ya wiki chache.

Mwisho, tochi ya kukagulia noti bandia. Imulike gizani kwenye uzi wa mkanda wa kidevuni. Uzi ukiwaka buluu kama shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga, mkanda huo ni wa kisasa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Masasi: Shikamoo fundi. Babu alikuwa askari wa Mjerumani, na helmeti ya chuma tumeikuta kwake. Ina maana si yake?*

Marahaba. Askari wa Kiafrika walivaa kofia ya kaki yenye kitambaa cha kufunika shingo. Helmeti huenda aliipata baadaye, kwa hiyo waulize wazee alifanya kazi wapi baada ya vita. Kama ina umbo la sahani, ni ya Mwingereza.

*Mwanachama, Lindi mjini: Kaka, nikikutwa nayo si nitakamatwa?*

Swali la msingi, dada. Mwaka 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo. Usiivae, usiitundike kwenye bodaboda. Kabla ya kununua, nenda kituo cha polisi ukaulize. Na kama imefukuliwa ardhini, watu wa Mambo ya Kale wajulishwe. Kufukua msifukue kabisa, kuna risasi na makombora ambayo hayajalipuka.

*Mwanachama, Mikindani: Yangu dalali ameisugua msasa upande mmoja. Niirudishie rangi?*

Hapana, mdogo wangu. Ukiipaka umemaliza ushahidi uliobaki. Ifute kwa kitambaa kikavu, pale palipo wazi pitisha mafuta ya cherehani kidogo, iweke mbali na dirisha la baharini. Halafu nitumie picha ya ule upande ambao hajaugusa.