Jinsi ya kuijua timu itakayobeba ubingwa wa NBA kabla haijabeba

Kila mwaka ikifika Aprili watu wanaanza kubishana nani atabeba ubingwa wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na ubishi wenyewe ni ule ule, hawa wana LeBron, wale wana Curry, hawa wameshinda mechi 60 msimu huu nani atawaweza. Mimi mtoano wa NBA nimeufuatilia miaka mingi na kitu nilichojifunza ni kwamba ukitaka kumjua bingwa usianze na staa, anza na mchezaji wa tano, yule ambaye hata jina lake inabidi ukalitafute. Ukishazoea kumwangalia yeye utaanza kuona mechi nyingine kabisa, na ndo hicho nataka nikuelekeze hapa.

Kwanza uelewe mtoano wenyewe ulivyo, maana bila hapo hutaona kwanini huyo wa tano ana umuhimu wote huo. Timu zinazoingia ni 16, nane za Mashariki na nane za Magharibi, na zile zilizomaliza nafasi ya 7 mpaka ya 10 zinachujana kwanza kugombea nafasi mbili za mwisho za kila kanda. Baada ya hapo ni raundi nne, kila raundi mnakutana nyie kwa nyie mpaka mmoja afikishe ushindi mara 4, kwa hiyo bingwa lazima ashinde mechi 16. Sasa linganisha na msimu wa kawaida wenye mechi 82, leo uko Boston kesho kutwa uko Miami, hamna kocha anayepata muda wa kumchambua mpinzani mmoja mpaka mifupani, unacheza mchezo wako unapanda ndege. Kwenye mtoano unakutana na watu wale wale mpaka mara 7 ndani ya wiki mbili hivi, na kati ya mechi na mechi makocha wao wamekaa kwenye video wanatafuta nani kwenu hawezi kukaba, nani hawezi kutupa tatu, yaani lile tupio la mbali la pointi tatu, nani akipata mpira dakika za mwisho anaurudisha haraka kwa mwenzie kama unamuunguza. Wakimpata wanamfuata huyo huyo usiku mzima, kesho kutwa tena, na mechi inayofuata tena.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuacha kuufuata mpira kwa macho. Najua ni ngumu, macho yanaenda yenyewe kwa mwenye mpira, ila jilazimishe hata dakika 5 tu za robo ya tatu. Mtu akija kuweka skrini, yaani kusimama njiani amzuie mkabaji wa mwenzie, usimwangalie anayedribo, angalia yule aliyekuja kuweka skrini alikuwa anakabwa na nani. Huyo ndo wanamtaka. Skrini nyingi za mtoano hazipo kwa ajili ya kumpa mtupaji nafasi, zipo kwa ajili ya kuwalazimisha mbadilishane watu ili staa wao abaki peke yake na mkabaji wenu dhaifu.

Chukua fainali ya 2016, mechi ya 7, Cleveland Cavaliers na Golden State Warriors. Warriors walikuwa wameshinda 73 wakapoteza 9 msimu wa kawaida, wakaongoza fainali 3-1, Cavaliers wakarudi mpaka 3-3. Mechi imefika 89-89 na zaidi ya dakika tatu zinapita hamna anayefunga, LeBron wa Cavaliers kaja kutoka nyuma kambloku Iguodala wa Warriors, uwanja mzima umesimama. Sasa angalia kilichofuata taratibu. Kyrie Irving wa Cavaliers ana mpira, Klay Thompson wa Warriors ndo anamkaba, na Klay ni mkabaji mzuri sana, Kyrie hamtaki. Anakuja J.R. Smith kuweka skrini. Kwanini J.R. na sio mwingine? Kwa sababu J.R. alikuwa anakabwa na Curry. Wakabadilishana, Curry akabaki na Kyrie upande wa kulia, Kyrie akadunda, akarudi hatua, akatupa tatu usoni kwake zikiwa zimebaki sekunde 53. Ikawa 92-89. Watu wanakumbuka lile tupio, mimi nakumbuka skrini ya J.R., maana Cavaliers walikuwa wakimwita Curry hivyo hivyo fainali nzima na usiku ule wa mwisho wakamwita tena.

Upande wa pili wa shilingi ni kwenye kushambulia, hapo unatafuta nani anaachwa. Timu pinzani itachagua mtu wenu mmoja iseme huyu atupe tu, sisi mtu wake tunamuweka chini ya ringi asaidie wengine. Ukitaka kumjua angalia umbali, kama mkabaji wake amesimama hatua nne tano kutoka kwake na wala hana wasiwasi, basi ndo huyo. Alafu subiri uone akipata mpira anafanya nini. Akitupa bila kusita, hata akikosa, hiyo timu ina afya. Akianza kupiga danadana anatafuta wa kumpa pasi, weka alama hapo, raundi ya pili au ya tatu hapo ndo patakapovuja.

Na hii ya kuacha mtu inaweza kukurudia ikakuumiza vibaya. 2021 Utah Jazz ndo walikuwa na rekodi bora kuliko timu zote za ligi, na Rudy Gobert alikuwa mkabaji bora wa mwaka. Wakakutana na Clippers ambao hawana staa wao Kawhi Leonard, kaumia. Mechi ya 6 Jazz wanaongoza kwa pointi 25 robo ya tatu, mtu unasema imeisha. Clippers walikuwa wamepanga watu wadogo wote wanaotupa, hivyo Gobert hana mtu mrefu wa kukaba, kapewa Terance Mann, na Gobert kwa kazi yake lazima alinde ringi, basi Mann akawa anabaki peke yake kwenye kona. Mpira unaingia ndani, Gobert anasogea, pasi inatoka kona, Mann anatupa. Tena. Tena. Alimaliza na pointi 39, Clippers wakashinda 131-119 na Jazz wakarudi nyumbani. Sidhani kama kuna aliyekuwa amemtaja Mann kwenye utabiri wake. Na sio kwamba Gobert ni mbovu jamani, tatizo ni kwamba Jazz walikuwa na namna moja tu ya kukaba na ilipojibiwa hawakuwa na ya pili.

Hapo ndo nafika kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye mtoano, mechi ya 4. Ukiwa na muda wa kuangalia mechi moja tu kwenye mfululizo mzima, angalia hiyo, na uiangalie kuanzia pale wanapotangaza watano wa kuanza. 2011 Dallas wako nyuma 2-1 mbele ya Miami ya LeBron, Wade na Bosh, kocha Rick Carlisle anamtoa DeShawn Stevenson anamuanzisha J.J. Barea, mfupi kuliko wote uwanjani. Wakashinda tatu mfululizo, ubingwa. 2015 Warriors wako nyuma 2-1 na Cleveland, Steve Kerr anamuweka benchi Andrew Bogut ambaye ndo senta wake, yule mrefu wa chini ya ringi, anamuanzisha Iguodala ambaye msimu mzima wa kawaida hakuanza hata mechi moja. Wakashinda tatu mfululizo, na Iguodala akatoka mchezaji bora wa fainali. Wazo lenyewe lilitoka kwa kijana msaidizi wa Kerr aliyekuwa akichimba video za fainali ya 2014, akaona San Antonio walivyobadilika walipomuanzisha Boris Diaw. Na 2025 Oklahoma City wako nyuma 2-1 na Indiana, mechi ya 4 kocha Mark Daigneault anamrudisha Isaiah Hartenstein kwenye watano wa kuanza, wakasawazisha 2-2 ugenini na mwisho wakabeba kwa mechi 7.

Mabingwa watatu, wote nyuma 2-1, wote wakabadilisha mtu mmoja. Kwa hiyo ukiona timu imefungwa mara mbili usikimbilie kusema imekwisha, jiulize kocha ana nini kwenye benchi ambacho bado hajakitoa, na ana ubavu wa kumkalisha chini mtu mwenye jina kubwa au anaogopa kelele. Timu yenye watu wanane wanaoweza kuanza ina majibu manane, timu yenye mastaa watatu na wengine wa kusindikiza ikishajibiwa mara moja inabaki inaomba mastaa waokoe jahazi.

Kitu kingine cha kuangalia ni kama timu ina njia ya pili ya kupata pointi siku ile ya kwanza ikigoma, na siku itagoma tu. Houston 2018 walikuwa wanaishi kwa tatu, wakaifikisha Warriors mechi ya 7 nyumbani kwao Houston, wanaongoza mapumziko, alafu tatu zikaanza kukosa na wao wakaendelea kutupa hizo hizo mpaka wakakosa 27 mfululizo. Walimaliza 7 kati ya 44. Chris Paul alikuwa kaumia, kweli, ila ilinisikitisha sana kuona timu nzuri vile haina mlango mwingine wa kutokea. Ndo maana mimi nahesabu mitupo huru, ile unayopewa ukifanyiwa faulo, mtu anayeweza kwenda kwenye ringi akafanyiwa faulo na akaingiza ni akiba ya siku mbaya. Giannis wa Milwaukee mtoano wote wa 2021 mashabiki wa ugenini walikuwa wanamhesabia sekunde kwa sauti akisimama kwenye mstari, na alikuwa anakosa kweli, ila mechi ya 6 ya fainali na Phoenix akaingiza 17 kati ya 19, pointi 50, Milwaukee wakapata ubingwa wao wa kwanza tangu 1971.

Kucheza nyumbani kunasaidia lakini usikupe uzito mkubwa. Majeraha huwezi kuyatabiri, mwaka 2019 Golden State walimpoteza staa wao Kevin Durant mechi ya 5 na Klay mechi ya 6, na 2025 Haliburton wa Indiana alianguka robo ya kwanza tu ya mechi ya 7, hapo hamna utaalamu unaosaidia. Ila kurudi kutoka 3-0 sahau, mpaka msimu wa 2025 unaisha hamna timu ya NBA iliyowahi.

Basi msimu ujao chukua karatasi raundi ya kwanza, kila timu unayoipa nafasi andika majina mawili, anayefuatwa na anayeachwa, alafu kila mechi uone kama hayo majina bado yapo uwanjani dakika za mwisho. Kama kocha kalazimika kuwatoa, timu imeshapungua. Kama wapo na wanasimama, hapo zidisha umakini, na sasa nakurudisha 2016 maana stori sikuimaliza.

Baada ya tatu ya Kyrie, Warriors nao walijua pa kwenda. Cavaliers nao walikuwa na mtu wao wa kufuatwa, Kevin Love, mrefu, mzito wa miguu, fainali ile aliumia kichwa mechi ya 2, akaikosa ya 3, ya 4 akatokea benchi, na watu wengi walikuwa wanataka asicheze kabisa. Imebaki chini ya dakika moja, skrini ikaja, Love akabaki na Curry peke yao nje ya mstari wa tatu. Curry akamchezea kulia, kushoto, Love yupo. Akampa mwenzie Draymond Green, Draymond akamrudishia, Love yupo, mikono juu, miguu inafuata kila hatua. Curry akatupa na Love kamsimamia mbele, mpira haukuingia.